Msimamizi anasema redio za HF ni teknolojia ya babu, nibadili projekti au nikomae?

Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri hasa nyie mnaoelewa mambo ya redio. Niko mwaka wa mwisho telekomu na pendekezo langu la projekti niliandika kuhusu mitandao ya HF (mawimbi mafupi) inayojiendesha yenyewe, zile redio za jeshi zinazotafutana kwenye masafa na kuungana zenyewe bila opereta kukaa anazungusha kitufe. Msimamizi kaangalia kichwa cha habari tu kaniambia hii ni teknolojia ya babu, dunia iko kwenye satelaiti na faiba, nitafute kitu cha 5G. Shida ni kwamba mimi hii kitu naipenda kweli, huwa nasikiliza mawimbi mafupi kupitia ile WebSDR, redio ya kusikilizia mtandaoni, ya Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi, na ile milio ya haraka haraka ya 11226 kHz ndo imenileta huku. Nikomae au nibadili? Na kama ni kukomaa nimjibu nini huyu mzee? Wenye kejeli naomba mpite kimya kimya.

Chizi_wa_Minara:
Badili dogo. Maksi anatoa yeye sio ionosfia. Utabishana na mtu aliyeshika kalamu?

MzeeWaMawasiliano:
Usimsikilize huyo hapo juu. Nimefanya kazi ya mawasiliano jeshini miaka mingi, kabla hizo otomatiki hazijatufikia, na nikwambie shida ilikuwa wapi. HF ni kati ya 3 na 30 MHz, wimbi linapanda linagonga tabaka la F la ionosfia, ile hewa ya juu kabisa yenye chaji za umeme, linarudi chini, mruko mmoja unaweza kukupeleka hadi kama kilomita 4,000 bila mnara wala satelaiti ya mtu. Lakini hilo tabaka halitulii. Mchana tabaka la D lililo chini yake linakumeza ukiwa masafa ya chini, jua likizama D linatoweka ila masafa ya juu nayo yanakufa kwa sababu F imedhoofika, hapo bado hujaweka mzunguko wa jua wa kama miaka 11 na milipuko ya jua ambayo inaweza kuzima upande wote wa mchana kwa muda. Kwa hiyo tulikuwa na masafa ya mchana na masafa ya usiku kwenye karatasi, na saa za kubadilisha ndo ilikuwa balaa, huyu kahama yule hajahama, mnaitana mpaka koo linakauka. Opereta mzuri alikuwa na sikio, na sikio halifundishwi kwa wiki mbili. Otomatiki ililetwa kuziba pengo hilo.

Sasa hoja ya satelaiti. Muulize msimamizi wako tarehe 24 Februari 2022 kilitokea nini. Modemu za mtandao wa satelaiti wa KA-SAT zilizimwa kwa shambulio la kimtandao siku ileile Urusi inaingia Ukraine. Anga la ionosfia huwezi kuliingilia kwa nywila. Na Jeshi la Anga la Marekani lenye satelaiti za kumwaga bado linaendesha HFGCS, mtandao wake wa HF wa dunia nzima, vituo 13 kuanzia Andrews, Croughton, Ascension, Diego Garcia mpaka Guam, sauti kwenye 8992 na 11175 kHz, na hiyo 11226 unayoisikia ni moja ya chaneli zao za ALE, ndo hiyo otomatiki ya redio kutafutana na kuungana zenyewe.

Bibi_Dekoda:
Naongezea kwenye hiyo milio maana watu wengi wanaisikia hawajui ni nini. Ile ni ALE kizazi cha pili, kiwango cha jeshi la Marekani cha MIL-STD-188-141. Toni 8, kuanzia 750 Hz mpaka 2500 Hz, kila toni inadumu milisekunde 8 na inabeba biti 3. Neno moja lina herufi tatu tu, linarudiwa mara tatu kwa ajili ya kusahihisha makosa, jumla milisekunde 392. Ndo maana ukidekodi unaona majina ya herufi tatu kama CRO na JDG, Croughton na Diego Garcia hao. Redio ikiwa haina kazi inaskani chaneli zake, tuseme 2 au 5 kwa sekunde, na kila baada ya muda kituo kinarusha jina lake ili wengine wapime chaneli ipi inasikika vizuri saa hizi na waweke kumbukumbu. Ukitaka kupiga, redio inachagua chaneli yenye alama nzuri, inaita, inajibiwa, inathibitisha, basi mmeunganishwa.

Anwani zinasomeka ila kilichomo ndani kwa kawaida kimefichwa kwa siri, usipoteze muda huko. Na usirushe chochote kwenye masafa yao, kusikiliza na kurusha ni kesi mbili tofauti.

Mwenye uzi:
Aisee asanteni sana, hiyo ya 2022 nilikuwa sijaiunganisha na hii kabisa. Sasa naona mada yangu ilikuwa pana mno, "mitandao ya HF" ni bahari. Niibane wapi?

KipimoKwanza:
Bana kwenye muda wa kuunganisha. Kizazi cha pili hakina saa ya pamoja, anayeita hajui mwenzake saa hii yuko chaneli gani, kwa hiyo lazima aite muda wote wa mzunguko wa skani. Chaneli 10 kwa kasi ya 2 kwa sekunde ni sekunde 5 unaita tu hujasema kitu. Kizazi cha tatu, kiwango cha NATO cha STANAG 4538, redio zote zinaweza kwenda kwa saa moja, zinahamia chaneli pamoja, mwito unakuwa mlipuko mfupi na unapokelewa hata kukiwa na kelele nyingi. Unaandika simulesheni ya vyote viwili kwenye chaneli ya Watterson, model ya 1970 ya kuigiza ionosfia inavyoyumbisha wimbi, ambayo bado watu wanapimia modemu za HF, una projekti kamili bila kununua hata waya. Utabiri wa masafa tumia programu ya VOACAP, ni bure.

MzeeWaMawasiliano:
Weka na upande wa hatari. Huko kurusha jina kila mara ndo kunakofanya kumbukumbu iwe nzuri, lakini kila ukirusha adui mwenye vifaa vya kutafuta mwelekeo anajua uko wapi. Vitani kamanda anaweza kusema zima hiyo kitu, halafu redio inabaki na alama za jana.

KipimoKwanza:
Mzee hapo umegusa penyewe. Dogo hilo ndo swali lako, ukipunguza kujitangaza kwa nusu muda wa kuunganisha unaongezeka kiasi gani, na je utabiri wa VOACAP unaweza kujaza hilo pengo?

Chizi_wa_Minara:
Haya, hiyo sasa hata mimi ningeisoma. Ila kwenye utangulizi taja HF ya bendi pana, kiwango cha modemu cha MIL-STD-188-110D kinafika upana wa 48 kHz na kasi ya kama 240 kbps, msimamizi akiona kasi atatulia.

Mwenye uzi:
Nimeandika upya kichwa cha habari: "Athari ya kupunguza utangazaji wa kituo kwenye muda wa kuunganisha katika mitandao ya ALE". Napeleka kesho asubuhi. Bibi_Dekoda naomba nikucheki pembeni, nahitaji kurekodi miito halisi nilinganishe na simulesheni.

Bibi_Dekoda:
Njoo. Rekodi kwa modi ya USB (upper sideband, sio ile USB ya kompyuta), kipimo cha masafa kisiyumbe, na andika saa kwa UTC, saa ya dunia, wanaosahau hilo huwa hawaelewi data zao wenyewe.