Nilipasuliwa uzazi wa kwanza, sasa wiki 41 na uchungu hauji

Mama Nuru: Shikamooni wakubwa. Wa kwanza nilimzaa kwa operesheni 2022, alitanguliza makalio. Huyu kichwa kiko chini, daktari kasema nijaribu njia ya kawaida. Nimefika wiki 41, kimya. Wifi kaleta mafuta ya nyonyo. Jirani ana kidonge cha kuweka chini ya ulimi, anasema kilimsaidia. Jumatatu nalazwa kuanzishiwa. Naliogopa sana hili kovu.

Mkunga wa Tanga: Marahaba mwanangu. Nina miaka 19 leba, nakuomba hicho kidonge usikiguse. Ni misoprostoli. Kwa jirani ambaye hajapasuliwa, hospitali tunakitumia. Kwa mwenye kovu, kinaweza kuukaza mfuko wa uzazi mpaka kovu liachie, yaani lichanike, na ukishameza hakitoki. Nilimpokea mmoja aliyepewa nyumbani. Mama tulimuokoa, mtoto hapana. Sijamsahau.

Nyonyo mrudishie wifi kwa heshima. Itakuharisha, uingie leba umeishiwa maji.

Jumatatu ulizia puto. Ni mpira uleule wa mkojo: unapitishwa mlango wa kizazi, unajazwa maji mililita 30 hadi 60, unasukuma taratibu mpaka njia ifunguke, kisha unadondoka wenyewe. Hapo chupa inapasuliwa, na dripu ya uchungu, ikihitajika, inaanza kidogokidogo huku mapigo ya mtoto yakifuatiliwa. Uchungu ukija wenyewe, kovu huachia kwa mama mmoja hivi kati ya 200. Kuanzishiwa huongeza hatari mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Beba karatasi za operesheni waone mfuko ulikatwaje. Kama ulikatwa wima, usianzishiwe kabisa.

Mama Wawili: Mimi puto niliwekewa jioni, usiku maumivu kama ya hedhi, alfajiri likadondoka msalani. Saa tisa mchana nikajifungua. Mdogo wangu njia iligoma, akarudi kisuni. Wote wazima.

Mama Nuru: Ahsanteni mno. Nyonyo nimeirudisha. Mama, mtoto akipunguza kucheza kabla ya Jumatatu?

Mkunga wa Tanga: Usisubiri Jumatatu. Akipunguza kucheza, ukiona damu, chupa ikipasuka, au kovu likiuma mfululizo, nenda usiku huohuo.