Kambamti wana madoa meupe lakini PCR imetoka hasi. Tuamini?

bwawa_la_chumvi:
Wakuu salaam. Bwawa ni la nusu hekta, maji mita 1, kamba ni Penaeus monodon, siku ya 52 tangu vifaranga waingie. Tangu kusi lianze kuvuma wanajikokota kingoni, sinia la chakula linapandishwa likiwa karibu halijaguswa, na kila asubuhi kuna mizoga. Ukibandua gamba la kichwa unaona madoa meupe. Zilipelekwa sampuli 10 za waliokufa, ndani ya spiriti ya dukani. Maabara ikakata ini na kupima kirusi cha madoa meupe (WSSV) kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Jibu: hasi. Tuamini?

matamvua:
Usiamini. Kwa WSSV, ini ndiyo sehemu isiyofaa kabisa. Kirusi hiki hushambulia ngozi iliyo chini ya gamba, matamvua, tumbo, damu na miguu, lakini seli za vijimirija vya ini hakiziingii. Kata miguu ya kuogelea (ile midogo ya chini ya mkia) au matamvua. Macho pia yaacheni, maana yana kitu kinachozuia PCR isifanye kazi, nanyi mtapata hasi nyingine ya uongo.

Kosa la pili ni mizoga. Kwenye maji ya joto kamba huoza ndani ya saa chache na vinasaba hukatikakatika. Chukua wale wanaokufa: bado wanachezesha miguu, lakini ukiwagusa hawaruki. Hao ndio wenye kirusi kingi.

Waulizeni maabara swali moja: kontroli ya vinasaba vya kamba mwenyewe (kipimo cha kuhakiki kwamba sampuli ilikuwa nzima na PCR ilifanya kazi) ilitoka? Kuna praima (vipande vifupi vya vinasaba vya kuanzishia PCR) za jamii ya kamba na kaa, 143F/145R, zinazotoa mstari wa urefu wa bp 848 (jozi za besi za kinasaba). Kama mstari huo haukuonekana, hamkupata jibu hasi. Hamkupata jibu lolote.

fundi_sampuli:
Naongezea upande wa chupa. Tumia ethanoli ya 95%, sehemu 10 kwa sehemu 1 ya nyama. Spiriti ya dukani ina maji mengi na viongezwa, haihifadhi vizuri. Vipande viwe vidogo, maana kamba mzima akitumbukizwa huozea ndani kabla ethanoli haijapenya. Mkasi ufutwe na kuchomwa moto kati ya kamba na kamba. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa, kwani wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli.

Idadi inategemea unachouliza. Bwawa likiwa tayari linaumwa, kamba 5 hadi 10 wanaokufa wanatosha. Vifaranga wanaoonekana wazima, kabla ya kuwapandikiza, ni hesabu nyingine: ili uwe na uhakika wa 95% wa kugundua ugonjwa ulio kwa 2% tu ya kundi, unahitaji 150. Wachanganye watanowatano, upate mirija 30. Wengi hupima 10 na kuridhika, ilhali kumi hao wangekosa ugonjwa huo mara nane kati ya kumi.

bwawa_la_chumvi:
Shukrani sana. Vipi vile vipimo vya karatasi vya papo hapo bwawani? Na madoa yenyewe si ushahidi tosha?

matamvua:
Karatasi inafaa kwa kamba anayekufa, ambaye kirusi kimejaa mwilini. Kwa mbeba ugonjwa asiye na dalili itasema hasi, kwa hiyo usiitumie kununulia vifaranga.

Madoa peke yake hayatoshi. Ya WSSV huwa na kipenyo cha mm 0.5 hadi 2 au 3, yako upande wa ndani wa gamba, na hayatoki ukikwangua kwa kucha. Lakini maji yenye alkali nyingi, na bakteria fulani, huleta madoa yanayofanana nayo. Kinachotofautisha ni kasi: WSSV inaweza kumaliza bwawa kwa siku 3 hadi 10. Na kusi mlilolitaja ni dalili nzito, maana maji yakipoa ghafla kirusi kilicholala huamka. Mvua kubwa inayoshusha chumvi hufanya vivyo hivyo.

Ini lenyewe msilitupe, lipimeni kwa magonjwa mengine. Likiwa limesinyaa na kupauka, na vifo vimeanza ndani ya siku 35 za mwanzo, tafuteni bakteria wa Vibrio wenye sumu ya PirA/PirB. Kamba wakidumaa tu bila kufa sana, tafuteni EHP (kimelea kidogo sana kinachoishi ndani ya seli za ini), na muombe PCR ya jeni ya ukuta wa kijimbegu (SWP), kwani ile ya zamani huchanganya EHP na jamaa zake.

fundi_sampuli:
Kabla majibu hayajarudi, fungeni mlango wa maji leo hii. Kaa wa mikokoni hubeba WSSV bila kuumwa, na kirusi hiki si mgeni upande wetu wa bahari: kilifika Quelimane, Msumbiji, mwaka 2011 na Madagaska 2012. Mwarifuni ofisa uvuvi, ugonjwa huu ni wa kutolewa taarifa.

Ikithibitika, maji yenu ni mita za ujazo 5,000. Klorini hai ya mg 30 kwa lita ni kilo 150, yaani kama kilo 230 za unga wa klorini wa 65%. Tope hula sehemu yake, kwa hiyo pimeni mabaki ya klorini baada ya kumwaga, na msifungue mlango mpaka yafike sifuri.