Mwokoaji hodari anapotakiwa kufundisha: tunawaleaje wakufunzi wa kujitolea?

Mwalo_Kibirizi (Kigoma):

Ndugu wanajukwaa, ninaratibu kikundi cha kujitolea kinachofundisha huduma ya kwanza na uokoaji majini katika mialo ya Kigoma, hasa Kibirizi na Katonga. Wanafunzi wetu wengi ni wavuvi wa dagaa, manahodha wa boti za abiria na akina mama wanaoanika dagaa ufukweni. Waokoaji tunao, na baadhi yao ni mahiri kiasi kwamba ningewakabidhi mwanangu bila wasiwasi. Shida huanza tunapowaomba wawafundishe wenzao. Mmoja huhutubia muda mrefu kabla mwanafunzi hajaugusa mdoli wa mazoezi; mwingine hutenda kila kitu mwenyewe kwa kasi ya ajali halisi, na watazamaji huishia kumpigia makofi.

Nimesoma kwamba doria za skii za Marekani, zinazowahudumia watu wanaoumia wakiteleza kwenye theluji, nazo hutegemea sana watu wa kujitolea na zina utaratibu wa kuwalea wakufunzi. Je, yupo anayeufahamu? Na nani anayepaswa kuamua kwamba mwanagenzi amefuzu: aliyemlea au mtu mwingine?

Mwana_Ujiji_Ughaibuni:

Ndugu yangu, mimi ni mzaliwa wa Ujiji ninayeishi Vermont, na majira ya baridi hujitolea katika doria ya mlima mmoja wa huku. Shirika letu, National Ski Patrol, lilianzishwa mwaka 1938 na Charles Minot Dole. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amevunjika kifundo cha mguu akiteleza huko Stowe, akasubiri msaada kwenye baridi, na miezi michache baadaye rafiki yake akafariki baada ya kuumia katika mashindano. Tangu mwanzo, basi, hoja ilikuwa ileile yenu: msaada uwepo pale pale watu wanapoumia, kwa sababu hospitali iko mbali.

Kuhusu wakufunzi, jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kuwa mwanadoria wa miaka mingi hakukupi ruhusa ya kufundisha. Mwanagenzi hupitia kwanza kozi ya ualimu, ambayo haizungumzii mifupa wala damu, bali namna watu wazima wanavyojifunza, namna ya kupanga somo na namna ya kutambua kama mwanafunzi ameelewa au anaitikia kwa adabu tu. Kisha hupewa mlezi, ambaye hupanga naye masomo, humwachia sehemu ndogo za kufundisha, halafu sehemu kubwa zaidi. Mwishowe mkufunzi wa wakufunzi humtazama akifundisha darasa la kweli ndipo aidhinishwe. Kwa maoni yangu, anayeidhinisha asiwe mlezi, kwa kuwa mlezi akishakuwa hakimu, mwanagenzi huacha kumweleza anapokwama.

Jambo la pili mnaloweza kuliiga bila gharama ni mafunzo ya kunoa ujuzi. Kila mwaka kila mwanadoria hurudia sehemu ya kozi ya huduma ya dharura, na baada ya miaka mitatu kozi yote huwa imepitiwa upya. Mikutano hiyo ndiyo uwanja mzuri wa kuwajaribu wanagenzi, maana wanaofundishwa wanalijua somo na kosa dogo halimpotoshi mtu.

Mkufunzi_Mstaafu (Tabora):

Mwanangu wa Kigoma, nimefundisha wauguzi kwa miaka mingi hapa Tabora, na nakubaliana na aliyetangulia, ila kozi ya ualimu peke yake haitamtibu yule wa kupigiwa makofi. Huyo mpeni utaratibu wa hatua nne. Kwanza atende kwa kasi ya kawaida akiwa kimya kabisa; kisha arudie polepole akieleza; halafu atende huku mwanafunzi ndiye anayeeleza; mwisho mwanafunzi atende mwenyewe. Ile hatua ya tatu ndiyo inayomfunga mikono, kwa sababu hawezi kuendelea mpaka mwanafunzi aseme kinachofuata.

Pia mlezi ajifanye mwanafunzi na akosee kwa makusudi: akandamize kifua cha mdoli kwa kina cha sentimita 3 badala ya 5 hadi 6, apinde viwiko, au avuke mikandamizo 120 kwa dakika. Mwanagenzi asiyeyaona makosa hayo hajawa tayari, hata kama yeye mwenyewe hukandamiza vizuri. Baada ya somo, mlezi amuulize kwanza alivyojiona, kisha amrekebishe jambo moja, au mawili yakizidi. Orodha ndefu huwakimbiza watu wasiolipwa.

Binti_Katonga:

Naongeza dogo. Pangeni mafunzo siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzisha taa na nyavu, na pitieni kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni. Mwanagenzi apimwe kwa vitendo, si kwa karatasi, kwa kuwa wapo mabingwa wa ziwa hili ambao kalamu si chombo chao. Na nauli ya wanagenzi itafutwe mapema. Wengi hawakati tamaa ya kufundisha, hukata tamaa ya kujilipia.

Mwalo_Kibirizi (Kigoma):

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru nyote. Tutawatenganisha mlezi na mwidhinishaji. Limebaki moja: mwanagenzi akisahau kufundisha kwamba aliyezama huanza kupewa pumzi kabla ya kukandamizwa kifua, mlezi amkatize mbele ya darasa?

Mkufunzi_Mstaafu (Tabora):

Marahaba, mwanangu. Hapo asimkatize. Ampe ishara waliyokubaliana, mwanagenzi ajirekebishe mwenyewe, mradi wanafunzi wasitawanyike na kosa hilo. Lakini midoli ikiwa michache na mwanagenzi akawaruhusu wanafunzi wakandamizane vifua wao kwa wao, mlezi asimamishe somo papo hapo, kwani hilo linaweza kumjeruhi mtu mzima wa afya.