Ulinganisho: Hsinchu, Hwaseong au Dresden kwa mhandisi wa chipu mwenye familia

Mhandisi_Mvita (mleta mada)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninamaliza shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme, na njia ziko tatu: Hsinchu nchini Taiwan, Hwaseong nchini Korea Kusini, au Dresden nchini Ujerumani. Mishahara nimekwisha kuilinganisha. Ninachoomba ni ulinganisho wa saa za kazi, kwa kuwa nina mtoto mchanga na sitaki anijue kwa sauti ya simu tu.

Bi_Salma
Mdogo wangu, nilifanya kazi Hsinchu miaka 4. Ukiisoma sheria ya huko utaridhika: saa 8 kwa siku, 40 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 46 kwa mwezi, au 54 wafanyakazi wakiafiki. Lakini upo utaratibu uitwao zeren zhi, yaani kazi ya dhamana, ambapo mhandisi hupimwa kwa kazi iliyokamilika wala si kwa saa alizokaa. Na ingawa sheria inauruhusu kwa kazi chache zilizopata kibali, mazoea yake yamewafikia hata wale ambao mikataba yao haiutaji. Wenyeji wana msemo kwamba kazi ya usiku hupasua ini, na niliwaona wenzangu ambao msemo huo kwao haukuwa tamathali.

Utaambiwa kwamba kisahani cha silikoni, ambacho chipu hutengenezwa juu yake, hupita hatua mamia kwa muda wa miezi 3 hivi, na kwamba mashine moja ya kuchapa michoro ya chipu kwa mwanga wa EUV (urujuanimno wa mawimbi mafupi sana) huzidi dola milioni 150, kwa hiyo haiwezi kulala. Ni kweli kabisa. Hata hivyo, kutolala kwa mashine hakumlazimishi mtu yule yule aliyeihudumia mchana aamshwe saa nane usiku. Hilo ni suala la idadi ya watu walioajiriwa. TSMC, kampuni kubwa ya chipu ya Taiwan, ilipotaka utafiti wa kizazi cha chipu kiitwacho nanomita 10 uende usiku na mchana mwaka 2014, iliunda zamu na kuwaongezea malipo watu wa usiku. Zamu ni nzito, lakini angalau ina mwisho.

Juma_wa_Suwon
Korea ina kikomo cha saa 52 kwa wiki, yaani 40 na 12 za ziada, kilichoanza kwa makampuni makubwa Julai 2018. Makampuni ya chipu yameomba watafiti wao wasamehewe, vyama vya wafanyakazi vikapinga, na mwaka 2025 serikali ikarefusha kibali maalumu cha utafiti wa chipu kutoka miezi 3 hadi 6, kibali kinachoweza kufikisha wiki saa 64. Uliza pia kama mshahara wako utakuwa wa jumla, uliokwisha kuhesabu saa za ziada kabla hujazifanya. Ukiwa hivyo, kila usiku unaobaki kazini umeutoa bure.

Mwanaidi_Dresden
Huku saa ni 8 kwa siku, zinaweza kufika 10 iwapo wastani utarudi kwenye 8, na kati ya siku mbili za kazi lazima zipite saa 11 za mapumziko mfululizo. Ukiitwa usiku, mapumziko huanza kuhesabiwa upya, hivyo asubuhi hutarajiwi mezani. Zamu za usiku zipo, kwa kuwa viwanda vya hapa havifungwi, na kiwanda kipya cha ESMC, kampuni ya ubia ya TSMC hapa Dresden, kilichoanza kujengwa Agosti 2024 hakitakuwa tofauti.

Mzee_Karakana
Binti zangu, nawaheshimu, ila msimfiche kijana kwamba mafunzo ya miaka 2 Hsinchu huenda yakawa mazito kuliko ya miaka 5 kwingineko. Teknolojia za mbele kabisa ziko huko.

Bi_Salma
Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu mafunzo, na siyajutii. Ninachojuta ni kwamba nilijifunza nikiwa nimechoka, na mengi niliyaelewa baadaye nilipopata usingizi. Mdogo wangu, kabla ya kutia saini popote, omba uoneshwe ratiba ya simu za usiku ya idara yako kwa mwezi uliopita: nani aliitwa, mara ngapi, na kesho yake aliingia kazini saa ngapi.

Mhandisi_Mvita (mleta mada)
Ahsanteni sana. Nimewaandikia wote watatu leo kuomba ratiba hiyo. Dresden wamejibu.