Ushuru wa 1828 Marekani: nani alimtega nani?

Msomaji_Historia: Wakuu, vitabu vinasema Kaskazini ilitaka ushuru mkubwa wa forodha na Kusini ikaukataa. Mbona mwanasiasa Calhoun wa South Carolina (Kusini) aliunga mkono ushuru wa 1816, na mwenzake Webster wa Massachusetts (Kaskazini) akapinga ule wa 1824? Na mkulima wa pamba, ambaye kazi yake ni kuuza nje, anaumiaje?

Daftari: Mkuu, weka ramani pembeni, angalia nani anauza nini na ananunua wapi. Massachusetts ya 1816 ilikuwa na sauti kubwa ya wenye meli, na ushuru ukipanda shehena zinapungua. Baadaye mitaji ikahamia viwanda vya nguo, kama vya mji wa Lowell, Massachusetts. Mwaka 1828 Webster akapiga kura ya ndiyo. Calhoun mwaka 1816, vita na Uingereza vikiwa vimetoka kuisha, aliona viwanda vya ndani ni ulinzi wa nchi. Bei ya pamba ilipoanguka mwaka 1819, watu wake wakachoka na hoja hiyo.

Mkulima huyo anaumia mara mbili: ananunua nguo na chuma kwa bei ya juu, halafu Mwingereza akiuza kidogo Marekani anabaki na fedha kidogo za kununulia pamba. Ila South Carolina iliubebesha ushuru lawama zisizo zake zote. Mashamba mapya ya Alabama na Mississippi nayo yalikuwa yanamwaga pamba sokoni. Na nyuma ya hoja ya ushuru kulikuwa na hofu ya wenye watumwa: serikali kuu ikizoea kuingilia uchumi wao, kesho itagusa utumwa.

Kura_105: Sheria ya 1828 ilikuwa mtego. Wafuasi wa Andrew Jackson, mgombea urais wa mwaka huo, bungeni walipandisha ushuru wa sufu ghafi, hemp (nyuzi za kamba), chuma na molasi ili kuzifurahisha Pennsylvania, Ohio na Kentucky. Wabunge wa Kusini wakakataa kuurekebisha muswada, wakitegemea New England (majimbo ya kaskazini-mashariki, Massachusetts ikiwamo), inayonunua malighafi hizo, iuangushe. Mtego ukafeli: muswada ukapita kwa kura 105 dhidi ya 94 katika Baraza la Wawakilishi, na Seneti 26 dhidi ya 21.

Ekari80: Mmesahau ardhi. Sheria ya 1820 ilishusha bei ya ardhi ya serikali kutoka dola 2 hadi 1.25 kwa ekari, kuanzia ekari 80, taslimu, mkopo ukafutwa. Magharibi ilitaka nafuu zaidi. Januari 1830 Seneta Hayne wa South Carolina aliitetea Magharibi dhidi ya pendekezo la kubana uuzaji wa ardhi, akitafuta kura za Magharibi dhidi ya ushuru. Ndoa hiyo ya Kusini na Magharibi ilikuwa ngumu: Magharibi ilitaka pia barabara na mifereji, na fedha za serikali kuu zilitoka hasa forodhani.

Msomaji_Historia: Na maelewano ya 1833 ya kushusha ushuru polepole yalifanyaje kazi?

Kura_105: Kila kiwango kilichozidi asilimia 20, ile ziada ilipunguzwa sehemu ya kumi kila baada ya miaka miwili, mara nne. Ushuru wa asilimia 50 unakuwa 47, 44, 41, 38. Kilichobaki kikakatwa kwa hatua mbili mwaka 1842: 29, kisha 20. Yaani kisu kikali kiliwekwa mwishoni. Agosti 1842 hiyohiyo Bunge likapandisha ushuru tena.