Hei ya Rhodes kwenye unyevu wa Muheza: niivingirishe nailoni?

MfugajiMuheza:
Wakuu, habari za kazi. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, na nyasi zangu za Rhodes zimeanza kuchanua. Masika inaelekea ukingoni, nataka nikate nifunge marobota ya hei (majani yaliyokaushwa) ya kuwavusha ng'ombe hadi vuli. Mashine sina. Kinachonitia hofu ni unyevu wa huku, hata nguo kabatini zinaota ukungu. Nimeona picha za Ulaya, marobota ya duara yamevingirishwa nailoni na yamelala shambani yakinyeshewa. Na mimi ninunue nailoni? Naomba ushauri.

MalishoKibaha:
Mkuu, kata mara mvua ikiachia, usingoje zichanue zote. Zikikomaa utavuna vijiti. Mashine si lazima: tengeneza boksi la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu sm 85, upana 55, kina 45. Tandaza kamba mbili za katani (uko Tanga, hazitakusumbua), jaza majani, mtu apande akanyage, kaza, funga, sukuma nje. Likishindiliwa vizuri linafika kilo 15 hadi 20. Kata umande ukishakauka na uwe unageuza. Kwenye jua kali siku mbili tatu zinatosha.

NipoDevon:
Niko Uingereza, shamba la ng'ombe wa maziwa. Ndugu yangu, mengi ya hayo uliyoona kwenye picha si hei, ni sileji. Huku jua la siku tatu mfululizo halina uhakika, kwa hiyo majani yananyaushwa tu, yanafungwa yakiwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na siku hiyohiyo yanavingirishwa tabaka nne hadi sita ili hewa isiingie. Yanachachuka, na asidi hiyo ndiyo inayoyahifadhi. Kunguru akitoboa tundu moja tusilizibe, ukungu unaanzia hapo. Ukiivika nailoni hei yako, unyevu wowote uliobaki utafungiwa ndani. Usithubutu.

MamaNgombe_Nyeri:
Huku tunanunua majani ya mpunga yaliyofungwa Mwea, pamoja na boma Rhodes (aina ya nyasi za Rhodes). Kabla sijalipa nachomeka mkono katikati ya robota. Nikikuta joto au harufu ya uvundo, sichukui. Robota lililofungwa bichi hujipasha moto lenyewe, na rundo kubwa linaweza hata kuwaka.
Kipimo rahisi: katakata majani, tia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kidogo, tikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikishikana, anika tena. Ikibaki chembechembe, unyevu uko chini ya asilimia 15, funga. Lakini huko pwani ikaange chumvi kwanza, maana yenyewe huvuta maji.

MfugajiMuheza:
Asanteni sana, nailoni nimeiacha. Banda langu lina bati, ila upande mmoja hauna ukuta. Na nifunge mangapi?

MalishoKibaha:
Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama kilo 10 za majani makavu kwa siku. Wanne kwa siku 90 ni kilo 3,600, yaani marobota 240 ya kilo 15. Ukiwa na malisho mabichi ya kuchanganya, yatapungua. Upande ulio wazi usiwe unakotokea mvua. Panga juu ya chaga, acha nafasi ya mtu kupita ukutani, na kagua mchwa kwenye miguu ya chaga kila wiki.

MamaNgombe_Nyeri:
Na likitokea lenye ukungu, usimpe ng'ombe yeyote, hasa mwenye mimba. Sumu ya ukungu hupita hadi kwenye maziwa. Lipeleke kwenye mboji.