Mpini wa stiki unazunguka, na waya wa kitufe niutoe wapi?

FundiIshara_Tabora

Habarini za jioni wakuu. Niko Tabora, Isevya, mstaafu wa reli, upande wa ishara na simu. Mwaka wa nne sasa naunda ndege ya mbao kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Ni Pietenpol Air Camper, ile aliyoibuni Bernard Pietenpol kule Minnesota, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuifunga injini ya gari la Ford. Niliichagua kwa sababu michoro yake inasomeka na mtu aliyezoea randa na msumeno. Watoto wanaokuja kuokota maembe wanaiita "boti ya Babu", maana bado haina mabawa.

Viti ni viwili, kimoja mbele ya kingine, na rubani hukaa kile cha nyuma. Kila kiti kina stiki yake, ile fimbo ya kuongozea ndege. Stiki zangu ni mabomba ya chuma ya inchi 7/8, yaani milimita 22.2. Bomba tupu halishikiki, mkono ukitoka jasho linateleza, kwa hiyo nikaamua kuchonga mpini wa mninga. Kipande kilibaki nilipotengeneza kitanda cha binti yangu. Mninga ni mzito mno kwa mbavu za bawa, lakini kwa mpini sioni mbao ya kuushinda: ukishakauka haupindi wala hausinyai ovyo. Vumbi lake tu ndilo adui, fungeni kitambaa puani.

Basi, keekee za hapa mjini ni za milimita. Kuna 22, inayofuata ni 24. Nikatoboa kwa 22 nikajiambia, sifuri nukta mbili ni nini, nitalisukuma kwa nyundo ya mpira. Likaingia nusu, mpini ukapasuka juu mpaka chini kama muhogo mkavu.

Wa pili nikatoboa 22, kisha nikapanua tundu kwa msasa niliouviringisha kwenye kijiti. Nikapanua kwa hamu kupita kiasi. Sasa unaingia wenyewe, ila ukiukamata kwa nguvu unazunguka. Nimezungusha utepe wa fundi umeme raundi mbili kwenye bomba. Asubuhi unashika, ikifika saa nane mchana, jua la Oktoba likiwa juu ya mabati, gundi inalainika na mpini unageuka tena.

Nauliza mawili. Je, nipige skrubu ipite mpini iingie kwenye bomba, au nitalidhoofisha? La pili, nataka kitufe cha kuongea redioni kikae juu ya mpini, chini ya kidole gumba. Ndege haina umeme wowote zaidi ya magneto, kile kifaa kinachoipa injini cheche. Redio ni ya mkononi. Waya ushuke ndani ya bomba utokee chini karibu na ekseli ambayo stiki inachezea, au utoke juu? Waya ninao roli nzima, wa simu, shaba safi ya uzi mmoja, wa enzi zangu kazini.

SeremalaMkongwe

Mzee, tatizo lako si keekee. Tatizo ni kwamba unataka kutoboa kitu ambacho hukupaswa kutoboa. Hebu tazama mpini wa kisu: ni vipande viwili, kimoja huku kimoja huku, chuma katikati. Pasua mninga wako kwa msumeno kwa urefu, kwa kufuata nyuzi za mbao. Kila nusu ichimbe mfereji kwa patasi ya mviringo. Paka bomba chaki, bana nusu hizo mbili, fungua, kwangua palipopata chaki. Rudia mpaka chaki iguse kote. Mimi huwa naacha uwazi wa unene wa karatasi kati ya nusu na nusu, ili ukikaza mbao ibane bomba kabla mbao hazijakutana zenyewe kwa zenyewe. Hapo haizunguki hata ukiitwanga.

Na waya unaulaza kwenye mfereji wake mdogo pembeni kabla hujafunga. Gundi usitie.

BintiWaUjiji

Shikamoo Babu. Niko Kigoma, natengeneza redio, nyingi za boti na mara mojamoja za ndege.

Naomba kwa heshima ule waya wa simu uuache kwenye roli. Uzi mmoja ni mzuri ukikaa ukutani miaka thelathini. Kwenye stiki utapindwa mbele, nyuma, kushoto, kulia, kila ruka, na pale unapopindwa ndipo utakapokatika. Tena unakatika ndani ya ganda, kwa nje huoni kitu. Tafuta waya wa nyuzi nyingi nyembamba. Kwa kazi ya kitufe hauhitaji kuwa mnene, mkondo wenyewe ni kiduchu.

Kitufe hakipitishi sauti, kazi yake ni kuunganisha tu. Plagi ya maikrofoni ya ndege ina sehemu tatu: ncha ni ya kubonyezea, pete ya katikati ni ya sauti, shina ni la ardhi. Ukigusanisha ncha na shina, redio inarusha sauti yako hewani. Kwa hiyo nyaya zako ni mbili tu. Usijaribu kuokoa mmoja kwa kutumia bomba la stiki kama ardhi. Najua mafundi wa zamani mnapenda hilo 😀 ila kutu kidogo kwenye ekseli itakuletea mikwaruzo masikioni mwezi mzima usijue inatoka wapi.

Jingine ni umbo la kitufe. Chukua kile kinachorudi chenyewe, kigumu kidogo, na kichimbie mbaoni kisijitokeze. Kitufe kikigandamizwa na goti au kikinasa chini, unarusha bila kujua: wewe husikii mtu, na wengine wote kwenye masafa hayo hawasikilizani. Nimeshaletewa redio "mbovu" ambayo ugonjwa wake ulikuwa punje ya mchanga kwenye kitufe.

SpanaNane

Mzee shikamoo. Mimi ni mekanika wa ndege, najibu la tundu.

Chomeka fimbo ardhini uisukume kwa juu. Itavunjikia chini, si pale mkono ulipo. Stiki ni hivyohivyo: mzigo wa kupinda karibu haupo kwenye mpini, unakua kadiri unavyoshuka, na mkubwa kuliko wote uko pale inaposhikwa. Kwa hiyo skrubu ndogo ya milimita 3 juu kabisa ndani ya mpini hainisumbui. Tundu la waya chini karibu na ekseli linanisumbua sana. Toa waya juu, chini kidogo tu ya mpini, uushushe nje ya bomba ukiufunga kwa uzi wa nailoni kila baada ya kiganja kimoja. Ukitoboa, kwangua kingo kwa tupa ya mviringo na uvishe tundu mpira, la sivyo chuma kitakula ganda la waya.

Chini kwenye ekseli acha kitanzi cha waya. Hapa ndipo watu wanapojisahau. Kikiwa kifupi kinavutika na kukatika. Kikiwa kirefu kinaenda kunasa kwenye kebo au pembe ya chuma, stiki inagoma njiani. Redio ikifa utatua. Stiki ikigoma ni habari nyingine. Mweke mtu alale chini na tochi, wewe kaa kitini umefunga mkanda, peleka stiki kwenye kona zote nne. Yeye ndiye aseme ni salama, si wewe.

Halafu umepima urefu ukiwa umekalia nini?

FundiIshara_Tabora

Marahaba wanangu, na wewe seremala mwenzangu asante.

SpanaNane umenishika pabaya. Nilipima nikiwa nimekaa kwenye ubao mtupu, bila mito. Jana nikaweka mto wa kukalia na wa mgongoni, nikafunga mkanda, nikavuta stiki nyuma kabisa. Mpini ukagonga kifungo cha mkanda kabla stiki haijafika mwisho. Yaani wakati wa kutua, pale unapohitaji kuvuta mpaka mwisho, ningeishia tumboni.

Nifupishe bomba? Kutoka ekseli hadi katikati ya ngumi nina sentimita 50.

SpanaNane

Usishike msumeno kwanza. Ukitoa 5 unabaki na 45, na mkono utahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 11 kwa kazi ileile, tena kila unapotikisa ngumi kidogo ndege itajibu zaidi. Bomba likishakatwa halirefuki. Anza na mto wa mgongoni, punguza unene wake urudi nyuma. Na kiti cha mbele kijaribu na mtu mnene mwenye mapaja, usijaribu na mjukuu.

BintiWaUjiji

Kiti cha mbele usiweke kitufe kabisa Babu. Abiria akishangaa ziwa atakamata chochote kilicho mbele yake.

FundiIshara_Tabora

Cha mbele stiki nitaifanya ya kuchomoa, na pini yake ya usalama, abiria asiye rubani akae bila kitu miguuni.

Nimepunguza mto wa mgongoni kutoka vidole vinne hadi viwili. Stiki sasa inafika mwisho na kiganja changu kinapita kati yake na mkanda. Mjukuu alilala chini na tochi, akapiga kelele mara moja tu: kitanzi cha waya kiligusa pembe ya ekseli kona ya kushoto nyuma. Nimekihamishia upande wa pili na kukifunga, tukarudia mara kumi, kimya. Waya wenyewe nimenunua wa nyuzi nyingi, roli la simu limerudi darini.

Swali dogo la mwisho. Vanishi inateleza na jasho. Hapa kwetu nta ya nyuki haijakosekana, niupake mpini?

SeremalaMkongwe

Paka, ila kidogo sana, na usugue kwa kitambaa mpaka mkono usibaki na alama. Ukiiacha nene, ndege ikishinda juani mpini utanata kama ubani. Kama una mafuta ya kitani anza nayo, yaache siku kadhaa yakauke, nta iwe juu. Na matambara ya hayo mafuta usiyakunje ukayaacha bandani, yatandaze nje. Yakirundikwa hushika moto yenyewe.

FundiIshara_Tabora

Hilo la matambara sikulijua, na banda langu lote ni mbao na gundi. Nimeshayatoa nje.

Kesho napasua mpini wa tatu. Mninga uliobaki unatosha mmoja tu, kwa hiyo chaki kwanza, patasi baadaye, na nyundo ya mpira nimempa jirani. Nitapiga picha nusu zikiwa wazi na waya ndani, mkaguzi atakapokuja asinilazimishe kuufungua.